Mgongo wa Mzee Nchagwa

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya harage, lakini lilimwangusha mtu ambaye fahali walikuwa hawajamwangusha.

Mzee Nchagwa wa Kenyamonta alilificha miezi mitatu. Likimshika, anasema anakwenda kuangalia ndama. Anatoka taratibu kama mtu asiye na shida yoyote duniani, halafu anajishika kwenye mti wa zizi mpaka limwachie. Mke wake Boke hakujua. Watoto wakubwa hawakujua. Aliyejua ni Mokami, kitinda mimba wake, binti wa miaka ishirini aliyemaliza darasa la saba akabaki nyumbani, mwenye macho mengi na maneno machache. Mokami aliona kwamba mti mmoja wa zizi umeanza kung'aa kama mpini wa jembe. Ndama hawajikuni juu kiasi kile. Siku moja akamfuata baba yake nyumanyuma, akamkuta ameukumbatia mti huo, jasho linamtiririka, kofia ameing'ata kwa meno.

"Baba, twende hospitali."

"Mimi nimekuja kuangalia ndama."

"Ndama wako upande ule."

Mzee akageuza shingo, akawaona ndama wako upande ule kweli. Akaivaa kofia.

Ndivyo walivyojikuta Tarime, wodi ya wanaume, kitanda cha nne kutoka mlangoni. Madaktari bingwa kutoka Mwanza walikuwa wamepiga kambi pale kwa wiki moja, na watu walitoka hata kule mbugani kuja kuwaona. Jumatano asubuhi daktari mmoja wao, Konstantino, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alisimama miguuni pa kitanda na picha ya tumbo la mzee mkononi.

"Mzee wangu, jiwe limekwama kwenye mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo unarudi nyuma, na figo imeanza kuvimba. Kesho asubuhi tunalitoa. Ijumaa sisi tunafunga mizigo. Ukisubiri mpaka upate nafasi Mwanza, figo hiyo inaweza kuwa imeshakufa."

"Litoe hata sasa hivi," alisema Mzee Nchagwa.

"Leo atakuja mtu wa usingizi kukueleza. Utachagua mwenyewe: nusu kaputi ulale kabisa, au ganzi ya mgongoni uwe macho. Ila uamue mapema. Orodha ya kesho inafungwa leo saa kumi jioni, na kuna watu nje wanaitafuta nafasi yako."

"Ganzi ya nini, daktari? Nipasue hivi hivi." Mzee alijiinua kwenye mto. Mokami aliona inakuja, akakaa vizuri kwenye kiti, maana hadithi hii aliijua kama sala. "Siku yetu ya jando tulisimama sita. Mimi wa mwisho kabisa kulia, Simioni kushoto kwangu, huyu Simioni ambaye siku hizi anakaa Machochwe. Asubuhi, baridi kali. Kisu kimepita, sikupepesa hata ukope. Nzi alikuwa amekaa puani mwangu. Hakuruka!"

Wodi nzima ikacheka. Daktari Konstantino naye akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mzee, kisu kile kilikuwa na haraka zake. Changu kitakaa humo saa nzima. Chagua ganzi."

Alipoondoka, wagonjwa walianza kikao. Wodi ya wanaume haina siri. Kila ugonjwa ni wa wote. Aliyechukua uenyekiti ni wa kitanda cha tano, Ng'washi, Msukuma aliyekuja kutafuta dhahabu Nyangoto akavunjika mguu kwenye shimo. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta nyeupe mpaka pajani, lakini mdomo wake haukuvunjika popote.

"Mzee, nusu kaputi usiiguse. Nakwambia kama mwanao. Unajua mimi nimefikaje hapa kuwa maskini?"

"Ulifika ukiwa maskini tayari," alisema mtu wa kitanda cha pili.

"Nyamaza wewe. Mzee, mwaka juzi nilipasuliwa kidole tumbo. Wakati huo nilikuwa na duara langu, shimo lenye dhahabu, nimelichimba peke yangu, nimelifunika na matawi, hata mke wangu sijamwambia. Wakanipiga nusu kaputi. Naanza kuamka, mdomo umeamka kabla ya kichwa! Nikataja mti, nikataja kichuguu, nikataja hatua kumi na mbili kuelekea jua linakozama. Kitanda cha jirani kulikuwa na mchimbaji mwenzangu amewekewa dripu. Mayoo! Yule bwana alichomoa dripu mwenyewe. Niliporuhusiwa, nikakuta watu ishirini wako kwenye duara langu, na mama ntilie ameshafungua kibanda!"

Watu walicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mokami pia alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake. Mzee Nchagwa hakucheka. Alikuwa ameshika ndevu zake kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Basi mgongo," alisema. "Mwanaume anatazama kisu. Mgongo."

Mokami akashusha pumzi. Kazi imekwisha, alifikiri.

Mtu wa usingizi alikuja baada ya chai. Alikuwa dada mwembamba, kofia ya kijani kichwani, faili kwapani. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Kezia. Mimi ndiye nitakayekuwa na wewe kesho."

"Marahaba, binti."

Alimuuliza kama ana pumu, kama ana presha, kama dawa yoyote imewahi kumvimbisha. Alimwambia afungue kinywa, akamsikiliza kifua.

"Tumbaku unavuta tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

"Inasikika," alisema Kezia. "Sasa mzee, zote mbili zinakufaa. Nusu kaputi nakupa dawa kwenye mshipa, unalala, nakusaidia kupumua mpaka wamalize. Ganzi ya mgongoni ni sindano nyembamba hapa chini ya mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini hutasikia maumivu. Utakuwa macho, utasikia tukiongea. Kwa jiwe la chini hivi, na kifua chenye tumbaku kama hiki, mimi ningependa mgongo."

"Nimekuwahi. Nimeshachagua mgongo."

"Vizuri sana. Kesho utavaa gauni letu, lile la wazi nyuma, utakaa ukingoni mwa meza, utajikunja kama paka aliyeona mbwa, nami nitapapasa uti wako nitafute mahali."

"Gauni," alisema mzee.

"La wazi nyuma."

Mzee alimeza mate, lakini akasonga mbele. Mgeni ni mgeni, na hospitali ni hospitali. Wala hakuwa na neno baya. Aliuliza tu kama watu wanavyouliza, ili kumaliza mazungumzo vizuri.

"Na wewe binti ni wa wapi?"

"Nimekulia Musoma kwa shangazi yangu. Lakini nyumbani ni Machochwe."

"Machochwe kwa nani?"

"Kwa mzee Simioni. Yule mwenye pengo hapa mbele."

Mzee Nchagwa akavuta blanketi mpaka kidevuni.

Hapo ndipo palipoharibika, na mtu wa mbali anaweza asione kilichoharibika. Kwa Wakurya wanaume waliotahiriwa pamoja ni saro moja, rika moja, na mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote. Dakika moja iliyopita Kezia alikuwa mtu wa usingizi. Sasa alikuwa binti yake, sawa na Mokami, na Mokami mwenyewe alikuwa anatoka nje baba yake akibadilisha shati. Baba hamvulii binti yake nguo, na binti hampapasi baba yake kiunoni. Kuna soni hapo, na soni haina dawa dukani.

Kezia naye alikuwa ameshaelewa. Aliinamisha macho kwenye faili.

"Kumbe wewe ndiye baba Nchagwa wa Kenyamonta," alisema kwa sauti ndogo. "Baba anakutaja kila siku."

"Hakuna mwingine wa kazi hii? Mwanaume?"

"Mwenzangu yuko masomoni mpaka mwezi ujao. Niko peke yangu." Akafikiri. "Basi tufanye nusu kaputi, baba. Utakuwa umelala. Hutaona, hutajua."

"Na nikianza kuamka, nani anakuwa pale?"

"Mimi. Siwezi kukuacha mpaka uamke vizuri."

"Na mtu anaweza kusema?"

"Wengine huropoka kidogo. Wengi hawasemi kitu cha maana."

Mzee alimtazama Ng'washi. Ng'washi akatazama dari.

"Niandikie ruhusa," alisema Mzee Nchagwa, akageukia ukutani. "Mimi nakwenda nyumbani. Nilivyokaa nalo miezi mitatu, nitakaa nalo."

Kezia hakubishana. Alimvuta Mokami pembeni, karibu na ndoo za maji.

"Dada, bila yeye kukubali hakuna mtu atamgusa. Na mimi sitamlazimisha baba. Lakini ile figo haitasubiri. Saa kumi."

Ilikuwa saa sita na nusu.

Mokami hakurudi moja kwa moja. Alijua baba yake ni kama fahali aliyekwama tope: ukimvuta kwa kamba anazidi kuzama, unamwacha apumue, halafu unatafuta anakoelekea mwenyewe. Alimnunulia uji, akamsubiri anywe, akamtoa nje wakakae kwenye ngazi ya veranda, palipo na jua.

"Baba, soni nimeielewa," alisema. "Lakini nusu kaputi kwa nini hapana? Wewe huna duara."

Mbele yao kuku wa hospitali walikuwa wanagombania maganda ya ndizi.

"Ninalo," alisema mwishowe. "Duara langu ni neno la mtu."

Mokami akasogea karibu.

"Siku ile tulisimama sita. Kisu kilipomfikia mmoja wetu, alisema neno, na anayetoa sauti pale huaibika maisha yake yote. Neno dogo, kama kifaranga. Nyimbo zilikuwa nyingi, vigelegele vingi, hakuna aliyesikia. Waliosikia ni wawili: aliyesema, na mimi. Hatujawahi kuliongea. Miaka arobaini na mitatu nimelikalia kama kuku. Leo nilazwe, niamke nimelitotoa? Mbele ya nani? Mbele ya..." Akajishika mdomo.

"Nani huyo, baba?"

"Mokami!"

Hakuuliza tena. Hadithi ya jando aliijua kwa moyo, na mtu aliyesimama wa mwisho kwenye mstari ana jirani mmoja tu.

Sasa aliliona tatizo lote, limekaa kama jiwe kwenye mrija. Akilala, atavunja siri ya mwenzake mbele ya mtoto wa mwenzake. Akikaa macho, atavunja heshima yake mbele ya mtoto huyo huyo. Asipofanya lolote, figo itakufa, na baada ya figo nani anajua. Jiwe likamshika palepale kwenye ngazi. Mzee akakumbatia nguzo ya veranda, na Mokami akamfuta jasho kwa upande wa kanga mpaka likamwachia.

"Kuangalia ndama," alisema mzee kwa shida, akijaribu kutabasamu.

Mokami alimrudisha kitandani, akatoka tena. Alizunguka nyuma ya majengo bila kujua anatafuta nini. Ndivyo alivyokuwa, akikosa jibu aliacha macho yaende mbele yake. Macho yakafika kwenye kamba za kuanikia nguo. Mashuka ya kijani yalikuwa yamejaa, yanapepea. Aliyaona tangu siku waliyofika, na siku hiyohiyo alijiuliza jambo ambalo hakulisema: kwa nini mengine yana tundu katikati? Tena si tundu la kuchanika. Limekatwa vizuri, limepindwa pembeni kwa uzi.

Mama mmoja mfuaji, Jenipha, alikuwa anakamua maji.

"Shikamoo mama. Haya mashuka yametobolewa na nini?"

"Marahaba. Panya," alisema Jenipha, halafu akacheka alipoona Mokami anaamini. "Ni ya chumba cha upasuaji, mwanangu. Mgonjwa anafunikwa mwili mzima, linaachwa lile dirisha tu, wanapofanyia kazi. Kwingine kote hakuonekani."

"Hata mgongo?"

"Mgongo una lake dogo. Lile pale."

Mokami alilishika. Dirisha lake lilikuwa kama kiganja cha mkono, halizidi.

"Mama, niazime."

"Hayo yanakwenda kuchemshwa, huwezi kuyatia wodini." Jenipha akamtazama usoni, akaona mtu ambaye hajaja kucheza. Akachomoa moja kuukuu kwenye rundo la matambara. "Chukua hili. Limestaafu."

Saa tisa kasoro, Mokami aliingia wodini na shuka begani kama mchuuzi wa mnadani.

"Kaka Ng'washi, nisaidie. Kaa ukingoni, nipe mgongo."

"Unanifanyaje?"

"Nakufunika."

"Nifunike, dada. Mwanamke hajanifunika tangu nivunjike mguu."

Alimfunika kichwa na vyote. Ng'washi akapotea. Ukabaki mlima wa kijani wenye mguu mmoja wa plasta, na katikati ya mlima kipande cha ngozi nyeusi. Mokami akauficha na mguu kwa blanketi. Kisha akamwendea baba yake.

"Baba, geuka utazame."

"Nimewaambia nakwenda nyumbani."

"Tazama kwanza, halafu twende."

Mzee akageuka. Alitazama ile ngozi.

"Baba, wewe ukikuta ng'ombe katikati ya ng'ombe wa watu mia, unamjua mwenyewe ni nani. Huyu ni wa nani?"

"Huyo ni Ng'washi, nimemwona anavyojifunika."

"Mwenye mgongo huu anasema simjui huyo Ng'washi," ilitoka sauti chini ya shuka.

"Kama usingemwona, baba. Ungekuta hili dirisha tu. Ungesema ni mtu wa ukoo gani? Baba wa nani? Wa rika lipi?"

Mzee Nchagwa alisogea. Alivaa miwani yake. Sasa aliitazama ile ngozi kama anavyotazama ng'ombe wa kununua, akaenda upande huu, akaenda upande ule.

"Ng'ombe ningemjua," alisema mwishowe. "Ng'ombe ana rangi, ana chapa, ana masikio. Hii haina chapa." Akaigusa kwa kidole. Ng'washi akaruka. "Hii ni ngozi tu. Ngozi haina ukoo."

"Kezia atakachoona ndicho hicho, baba. Atachoma hapo, na wewe utakuwa macho. Mdomo wako utakuwa wako mwenyewe."

Mzee alikaa kitandani, akafikiri. Mokami aliijua sura hiyo. Ni ya wakati wa kupatana mahari, pale ambapo mtu ameshakubali ila bado anatafuta masharti.

"Nani ananivua na kunifunika?"

"Kaka Deus, yule mhudumu wa kiume. Kezia anaingia ukiwa umeshafunikwa."

"Nikae na blanketi langu, siyo gauni, mpaka mlangoni."

"Nitamwambia."

"Bado kuna moja." Mzee aliinua kidole. "Akiingia, ataniamkia. Ndivyo alivyolelewa, nimemwona anapiga goti. Akishasema shikamoo, nikaitikia marahaba, mimi ni baba na yeye ni mwanangu, hapohapo, dirisha au si dirisha. Mwambie humo ndani asiniamkie."

Mokami alikimbia. Alimkuta Kezia nje ya chumba cha upasuaji, orodha mkononi, kalamu tayari iko juu ya jina la baba yake. Alimweleza yote mfululizo, akiacha lile neno la kifaranga peke yake.

Kezia alicheka kwanza, halafu machozi yakamlengalenga.

"Tangu nianze kazi hii watu wameniuliza mambo mengi. Kuombwa nisiamkie mzee ni leo tu," alisema. "Mwambie ganzi ya mgongoni, dirisha moja, bila shikamoo. Nakubali."

Saa kumi kasoro dakika tano Mzee Nchagwa alitia sahihi yake kwenye fomu, herufi kubwakubwa kama nyayo za punda. Wodi ikapiga makofi. Ng'washi alisahau kutoka chini ya shuka.

Alhamisi asubuhi mzee alipelekwa kwa kiti cha magurudumu, amejifunga blanketi lake la mistari kama anakwenda kwenye baraza. Mokami alibaki kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa wa mbao, haukufunga vizuri chini, na mtu mwenye subira husikia mengi chini ya mlango.

Alisikia Deus akisema, "Jikunje mzee, paka, paka, hivyohivyo." Kisha nyayo nyepesi zikaingia. Kimya. Hapakuwa na salamu. Mokami alikuwa hajawahi kusikia mtu mdogo akiingia mbele ya mzee bila kusema neno. Kisha ikaja sauti ya kike, kavu kama ya karani:

"Mgonjwa, nasafisha ngozi. Baridi kidogo. Sasa sindano. Usitikisike."

"Mgonjwa hatikisiki," ilijibu sauti ya baba yake. "Muulize nzi."

Dakika zikapita.

"Mguu wa kulia unausikiaje, mgonjwa? Inua."

"Nauinua."

"Hujauinua."

"Nani ameichukua miguu yangu?" aliuliza Mzee Nchagwa kwa mshangao mkubwa, na chumba kizima kikacheka.

Baada ya hapo mzee aliongea. Mokami hakuwahi kumsikia akiongea vile. Alisimulia fahali aliyekanyaga pikipiki ya mchumba wa watu. Alisimulia alivyomposa Boke na alivyonyeshewa njiani mpaka akafika kwa wakwe akiwa amevaa gunia. Daktari Konstantino alimwomba anyamaze kidogo maana mkono unatikisika kwa kicheko. Kila hadithi ilipokaribia siku ya jando, Mokami alibana vidole. Na kila ilipokaribia, mzee aliikata kona kama dereva mzoefu, akarudi kwa ng'ombe.

Mwisho kikasikika kitu kidogo kikidondoka kwenye bakuli la chuma. Tii!

"Hilo tu?" alisema mzee. "Hilo ndilo lililonifanya nikumbatie miti?"

Walimtoa akiwa amefunikwa mpaka kifuani, macho yanang'aa. Kezia alikuja nyuma yake. Alipovuka kizingiti alisimama, akavua barakoa, akavua kofia, akapiga goti hasa, goti la nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!" Mzee Nchagwa alinyoosha mkono kana kwamba hawajaonana mwaka mzima. "Hujambo? Habari za Machochwe? Ulikuwa wapi siku nzima?"

"Nilikuwa kazini, baba."

"Kazi njema?"

"Njema sana."

Jioni, miguu ya mzee ikiwa imesharudi kwa mwenyewe, Simioni akaingia wodini. Kezia alikuwa amempigia simu usiku uliopita kumwambia kwamba rafiki yake anapasuliwa na yeye ndiye wa usingizi, na Simioni hakungoja jua lipande. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkononi galoni ya maziwa mgando. Kezia alikuwa anapima presha ya mzee. Mokami aliona kwamba mgeni hakumtazama mgonjwa kwanza. Alimtazama binti yake.

"Mlimlaza?"

"Shikamoo, baba. Nani?"

"Nchagwa! Mlimpiga nusu kaputi?"

"Hapana. Ganzi ya mgongoni. Alikuwa macho mwanzo mpaka mwisho."

"Hakuropoka?"

"Aliongea saa nzima, baba. Lakini akili zake zote zilikuwepo. Aliongea ng'ombe."

Simioni alikaa kwenye kitanda cha Ng'washi bila kuomba, akakalia na mguu wa plasta. Galoni aliishika kifuani kwa mikono miwili. Pumzi aliyoitoa ingepuliza moto wa kuni mbichi.

"Mura, mwenzangu," alisema Mzee Nchagwa kutoka kwenye mto, taratibu. "Mbona una jasho? Usiogope. Kila kitu kiko mahali pake."

Simioni akaiweka galoni sakafuni.

"Kila kitu?"

"Kilichotoka ni jiwe tu."

Pengo la Simioni likaonekana lote. Alianza kucheka kidogo, akazidi, Nchagwa naye akaanza huku ameshika mshono wake na kusema "usinichekeshe, mura, usinichekeshe," na wazee wawili wakacheka mpaka machozi, bila mtu wodini kujua wanacheka nini.

"Kwani kuna nini?" aliuliza Ng'washi, akivuta mguu wake. "Dada Mokami, wewe umekaa nao. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Mokami. Alichukua lile shuka kuukuu, akalikunja mara nne, dirisha likafichika ndani. "Nipe kikombe chako, kaka. Maziwa yamefika."

Simioni mwenyewe ndiye aliyemimina. Alimimina cha Nchagwa kwanza, akakijaza mpaka kikafurika shukani, na Kezia alipomwambia mgonjwa anywe kidogo tu kwa leo, Simioni alisema ana ndama jike Machochwe, mwekundu, mwenye doa jeupe kichwani, na kuanzia leo ndama huyo ni wa Nchagwa, na mtu asimuulize kwa nini.

Hakuna aliyemuuliza.